Picha ya Mkunga na Bilinganya Zake

Mtaa mzima ulimwita Brashi, hata baada ya kustaafu kuandika mabango ya maduka. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na binti yao wa pekee ameolewa mbali. Uani kwake palibaki saruji tupu na kamba ya nguo yenye shati moja.

Siku moja mkunga mstaafu wa nyumba ya tatu alimwita amwandikie namba getini. Brashi akamkuta amepiga magoti katikati ya bilinganya, anagombana na mche mmoja uliokataa kuzaa.

"Wenzako wana wajukuu, wewe bado unaringa!"

Brashi akasahau namba. Akaokota kipande cha boksi, akatoa penseli, akaanza kuuchora ule mgongo uliopinda na zile nyayo zenye nyufa.

"Namba yangu iko wapi?" mkunga akauliza bila kugeuka.

"Tulia kwanza. Nikikosea sikio utanilaumu."

"Sikio nimezeeka nalo. Liache lilipo."

Brashi akaomba majani machache na konzi ya udongo. Kwake akayatwanga majani yakatoa kijani, na udongo akauchekecha ukawa rangi ya ardhi. Kuanzia hapo akawa mtu wa kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Alimchora fundi cherehani na pilipili zake kwenye makopo ya mafuta, akamchora mlinzi aliyepanda maboga nyuma ya kibanda. Kila bustani ilitoa rangi zake yenyewe, na kila picha lazima iwe na mwenye bustani. Watu walimcheka, lakini majani walimpa.

Kwa mkunga alirudi kila wiki, kisingizio kijani kimeisha. Walizungumza wamesimama, yeye nje ya ua, mkunga ndani. Mara mbili neno lilimfika kooni, mara mbili akalimeza.

Binti yake alipojifungua, Brashi akaenda kumwona mjukuu, akakaa huko mwezi mzima. Aliporudi alikuta geti la mkunga lina kufuli jipya, na mafundi wanamwaga zege pale palipokuwa na bilinganya.

"Mama kachukuliwa na mwanawe," fundi mmoja akamwambia. "Nyumba imeuzwa. Hukuambiwa?"

Aambiwe kama nani?

Akamuuliza fundi cherehani anakoishi huyo mwana, akaifunga picha ya mkunga kwa gazeti, akapanda basi. Ilikuwa ghorofa ya nne. Mkamwana akamfungulia, akamkaribisha, akawaachia sebule. Mkunga alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa soksi.

Brashi akamfungulia picha, naye akaitazama.

"Huu mche haukuzaa mpaka mwisho," akasema, akacheka. Kisha akaifunika tena kwa gazeti, taratibu, kama anayemfunika mtoto. "Rudi nayo."

"Nimekuletea wewe."

"Najua, baba. Lakini hapa sina hata kikopo cha udongo. Nikiamka nikiiona hii kila asubuhi, nitakufa kabla ya siku yangu."

Lile neno la miezi yote lilikuwa pale pale, ila sasa lilionekana kama nguo iliyoshonwa kwa ajili ya sherehe iliyokwisha pita.

"Unakula vizuri?" Brashi akauliza.

"Nakula. Wananitunza." Akageukia dirisha. Nje palikuwa na ukuta wa ghorofa nyingine. "Utakuja tena?"

"Nikijaliwa."

Alishuka ngazi akipumzika kila ghorofa, picha kwapani.

Hakwenda tena, ingawa hakuwa ameamua kutokwenda. Mara tatu alivaa shati la pasi akafika hadi kituoni. Basi likaja, kondakta akaita, watu wakapanda. Yeye akajifanya anangoja jingine, mpaka jua likaanza kuuma, akarudi nyumbani kwa miguu.