Siku Lori la Modogashe Liliponiacha

Enzi zetu Garissa, mtoto alikuwa na shule mbili. Alfajiri ilikuwa dugsi, chuo chetu cha Kurani, na jua likianza kuchoma ilikuwa shule ya serikali, ambayo kengele yake ilikuwa rimu kuukuu la lori. Katikati ya shule hizo mbili kulikuwa na anjera, chapati yetu laini, iliyomwagiwa mafuta ya ufuta na sukari, chai ya maziwa ya ngamia, na mbio za peku huku kandambili tumezishika mkononi zisiishe. Leo namwona kijana wa miaka kumi na sita akipanda pikipiki kwenda dukani hatua mia mbili kutoka kwao, na akirudi anadai amechoka. Sisi tulikuwa tunachoka tukishafika Mto Tana na kurudi, na bado jioni tulicheza mpira wa matambara hadi adhana ya magharibi.

Ninaandika haya nikiwa mtu wa kwanza wa bula yetu, mtaa wetu, kurudi na stashahada kutoka Nairobi. Sikutafutiwa nafasi na mtu. Cheti kiko ukutani, kwenye fremu, mahali ambapo mgeni akikaa lazima akione. Wanaonijua tangu utotoni hukitazama mara mbili, na wana haki, kwa sababu katika miaka ya tisini, nikiwa darasa la tatu, sikuweza kusoma neno "baba".

Hakuna aliyejua. Dugsi kila mtoto alikuwa na loox, ubao wake wa mbao, na wino tuliutengeneza wenyewe kwa makaa yaliyosagwa na gundi ya mgunga. Maalim alitamka aya, tukaandika, tukakariri kwa sauti hadi koo likauke. Mimi nilikuwa na sikio. Nikisikia aya mara mbili, imeingia. Niliandika vikorokoro vyangu, nikainamisha kichwa, na nilipoitwa nilisoma bila kukwama. Maalim aliniita hafidh wetu, mwenye kuhifadhi Kurani. Wageni wakija nyumbani, hooyo, mama yangu, alinisimamisha katikati ya mkeka nisome, na wazee walitikisa vichwa kwa furaha.

Asubuhi moja mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani zikauke, nikaokota moja, nikasimama mbele ya maalim na kusoma sura yangu yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umesoma vizuri sana," alisema. "Sasa mrudishie Hassan ubao wake, halafu uniambie umesomaje sura yako kwenye ubao ulioandikwa sura ya Hassan."

Dugsi nzima iliangua kicheko. Kwa wiki mbili sikuitwa jina langu. Nilikuwa "hafidh wa ubao wa Hassan".

Nyumbani hawakucheka. Hooyo alikuwa na maelezo tayari: wageni walinisifu bila kusema mashallah, nikapigwa jicho, na jicho limeniziba macho. Nikanyweshwa maji yaliyosomewa Kurani, asubuhi na jioni, siku saba. Kisha nikakatazwa kusoma mbele ya mtu yeyote. Simlaumu. Lakini ndivyo jambo moja nililoliweza lilivyofungwa, na lile nisiloliweza likabaki palepale. Herufi ziliendelea kugeuka. Ile yenye tumbo kulia jana, leo tumbo liko kushoto. Nilidhani kila mtu anaziona hivyo na kwamba wenzangu ni wajasiri kuliko mimi.

Muhula ulipoisha nilikuwa wa mwisho darasani. Aabo, baba yangu, aliiangalia ripoti, akaikunja, akaiweka mfukoni. Hakunipiga. Kwetu mtoto aliyeshindwa na shule hakuwa aibu. Alikwenda kwa ngamia. Binamu yangu Dekow, tuliyelala naye mkeka mmoja, alikuwa na shida hiyohiyo na alipelekwa mwaka uliotangulia. Muhula mpya ulipofikia wiki ya pili, aabo alitangaza zamu yangu.

"Ijumaa lori linakwenda Modogashe," alisema. "Utamkuta Dekow huko. Ngamia hawana ubao."

Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa na siku nne.

Muhula huohuo alikuwa ameletwa mwalimu mpya kutoka upande wa Mwingi, Mwalimu Syombua, mwanamke mfupi aliyevaa raba na kutembea kama anayewahi basi. Kusoma kwa sauti kulikuwa kwa zamu, kuanzia dawati la mbele, na mimi nilikaa nyuma makusudi. Hadi nifikiwe, wenzangu walikuwa wamesharudia ukurasa mara tatu, nami nimeushika. Jumanne hiyo alianzia nyuma. Nikasimama, nikaufungua ukurasa mpya, nikasoma wa jana, wote, hata pale mwenzangu alipokuwa amekohoa nikatua kidogo.

Nilisubiri kiboko. Akasema tu, "Kaa. Mapumziko uje."

Mapumziko alinisomea habari ya sungura ambayo sikuwahi kuisikia, mara moja, akaniambia niirudie. Nikairudia. Akaandika herufi nne chini mchangani, akaniuliza majina yake. Nikapata moja.

"Nilikuwa na kaka kama wewe," alisema. "Kichwa chako kizima kabisa. Njia inayoanzia machoni ndiyo imejaa mchanga. Tutaifukua."

"Ijumaa naenda kwa ngamia, mwalimu."

Alinitazama, akauliza kwetu ni wapi.

Alikuja Jumatano baada ya alasiri. Aabo alimkaribisha kwenye mkeka wa nje, akaletewa chai na nyama kavu ya nyirinyiri, akala bila kuona haya, jambo lililompendeza hooyo. Kisha akaeleza. Aabo alimsikiliza kwa adabu na kumjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mwalimu, hii kijana imebigwa na jicho. Shule imeshindwa naye. Mimi sina ubaya na shule."

"Mzee, ngamia akizaa, ndama akasimama lakini hajui kunyonya, unafanya nini?"

Aabo alishangaa kuulizwa kitu rahisi namna hiyo. "Nashika kichwa yake, naweka mdomo kwa chuchu."

"Na asiponyonya?"

"Naweka tena."

"Siku ngapi?"

"Mbaka ajue."

"Na unajua lini kwamba hajui kunyonya?"

"Siku ile ile! Ukingoja kesho ni maiti, mwalimu."

"Huyu wako tumemngoja miaka mitatu na bado amesimama," alisema. "Niachie nimshike kichwa. Mpaka ajue."

Aabo akacheka, cheko fupi la mtu aliyeshikwa na maneno yake mwenyewe. Akamwambia hooyo kwa Kisomali, "Huyu mwanamke angekuwa na ngamia wengi." Nikapewa muhula mmoja.

Ijumaa lori liliondoka bila mimi, limebeba mahindi ya njano na mbuzi wawili. Nililisindikiza kwa macho hadi vumbi likatua.

Dawa yenyewe haikuwa na miujiza. Kila mapumziko nilichora herufi moja mchangani kwa kidole huku nikiitamka, mara ishirini, siku tatu, kisha nyingine. Mwalimu alikata kadi kutoka boksi la mafuta ya kupikia, akatoboa dirisha jembamba, niuone mstari mmoja peke yake. Na alimwomba hooyo aniruhusu kukariri tena, kwa sababu sikio ndilo lililokuwa likiyavuta macho. Muhula ulipoisha nilikuwa wa thelathini na nane, si wa mwisho tena. Aabo aliiweka ripoti ile mfukoni pia, lakini safari hii aliitoa akawaonyesha watu msikitini.

Jina la tatizo lile nililisikia chuoni Nairobi, nikiwa mtu mzima: disleksia. Mkufunzi alipoliandika ubaoni wenzangu walinakili. Mimi nililisoma polepole, silabi kwa silabi, kama nisomavyo kila kitu hadi leo, na nikajua nimerudi nyumbani. Mtihani wa somo lile sikupitwa na mtu.

Leo nafundisha Garissa, na wanafunzi wangu wana vitabu vya rangi na simu zinazowasomea kila kitu. Sisi tulikuwa na mchanga tu. Lakini mtoto ambaye herufi zinamgeukia bado anakaa dawati la nyuma, kama mimi, na bado kuna anayemwita mvivu.

Mwezi uliopita Dekow alikuja. Ana ngamia wengi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kwa simu yake ananitumia sauti tu kwa sababu hajawahi kujifunza herufi moja. Alikuwa amemshika mkono binti yake wa miaka sita.

"Ina adeer, binamu yangu," alisema, "mwalimu wake anasema anafurahisha, anasoma kitabu chote bila kukitazama. Wote wamecheka. Mimi sikucheka."

"Ameanza shule lini?"

"Wiki mbili."

Akaitazama ile fremu ukutani kwa muda mrefu, asiweze kuisoma, kisha akausogeza mkono wa mtoto kwangu.

"Mshike kichwa," alisema.

Tukatoka nje mimi na mtoto, tukachuchumaa, nikausawazisha mchanga kwa kiganja.