Diwani Aliyegonga Bila Kusoma

Diwani wetu wa zamani alitembea na muhuri kwenye mfuko wa shati. Ukimkuta njiani na barua, aliiweka juu ya boneti ya gari lolote, au juu ya meza ninazouza hapa mkabala na ofisi ya kata, akaupulizia muhuri pumzi, akagonga. Hakusoma. "Ndugu yangu, nikisoma utaona sikuamini," alikuwa akisema, huku amekushika kiwiko. Kwa hilo tu alishinda mara mbili. Biashara imenifundisha kutosaini nisichokisoma, lakini kura nilimpa. Kisha akagonga barua iliyompa tajiri mmoja uwanja wa shule, na uchaguzi uliofuata hata jirani zake wa ukuta mmoja walimnyima.

Juzi mama mmoja asiye na habari alimkimbilia. "Mheshimiwa, nigongee! Nafasi ya binti yangu shuleni mwisho saa sita." Mkono ukaenda mfukoni, ukarudi mtupu. Akaichukua barua, akavaa miwani ambayo sikuwahi kumwona nayo, akaisoma mbele na nyuma, midomo ikicheza. "Mama, hapa wameandika jina la mtoto mwingine. Wangekurudisha." Mama akaanza kulia. "Usilie, ndiyo kwanza saa tano. Twende warekebishe."

Wakavuka barabara. Foleni ilifika nje, lakini karani alipomwona alisimama. "Pita ndani, mzee. Wewe si wa foleni."

"Basi nafasi yangu mpe huyu mama."

Mama akaingia. Yeye akabaki nje.