Bega la Kushoto

Dada yangu ni fundi cherehani na mimi ni karani. Nalisema hili mapema ili ijulikane nani katika nyumba yetu alijiona msomi. Mimi ndiye niliyeandika barua za mtaa mzima: za kuomba kazi, za kuomba radhi, hata moja ya posa ambayo nasikia ilikubaliwa kabla mzee wa upande wa pili hajamaliza ukurasa wa kwanza. Dada alimaliza sekondari akiwa wa kwanza kwa hesabu shule nzima. Kisha macho ya mama yetu yakaanza kufifia, na mtu wa kukaa kwenye cherehani badala ya mama akawa yeye. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa na kumi na miwili, nikaendelea na shule.

Miaka kumi na sita ikapita. Siku moja alikuwa ananijaribisha koti jipya, pini ziko mdomoni, chaki iko sikioni.

"Simama wima," akaniambia.

"Nimesimama wima."

Akanitazama, akaandika kitu kwenye daftari lake la vipimo, akalifunga. Halafu akazitoa pini mdomoni na kusema, "Nataka kuomba chuo."

Nikamuuliza kipi, akanionyesha kwa kidole dirishani. Ni kile cha binafsi kilicho juu ya kilima, ambako watoto wa wakubwa hukataliwa wakarudi kulia ndani ya magari ya baba zao. Darasa la hisabati linachukua watu thelathini kwa mwaka, tena wale ambao hawajafikisha miaka thelathini na sita. Dada alikuwa na thelathini na tano na miezi saba. Kama si mwaka huu, basi tena.

"Nitakuandikia mimi," nikasema, kabla hajaniomba. Na kweli hakuwa ameniomba.

Fomu yenyewe ilijazwa kwenye kompyuta, lakini insha walitaka iandikwe kwa mkono, ukurasa mmoja, ipigwe picha na kutumwa pamoja na vyeti. Swali lao lilikuwa: *Tueleze jambo unalolijua vizuri kuliko watu wengi.* Nilikesha na kalamu Jumamosi nzima mchana kweupe, maana usingizi wangu wa mchana niliutoa sadaka, nikaandika: "Tangu nikiwa kichanga katika mapaja ya mama, kiu ya elimu imekuwa ikinikereketa koo pasi na kikomo." Nikawasomea kwa sauti.

Mama, ambaye haoni vizuri lakini masikio yake hayajapata kuugua, akasema, "Ningejua ana kiu ningempa maji."

Dada aliichukua akainakili kwa mwandiko wake, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Fundi yule hatupi kitu. Vipande vya kitambaa huvifanya mifuko, mabaki ya mifuko huyafanya vishikizo vya sufuria. Karatasi ya kuandikia insha aliichana kutoka daftari la vipimo: upande mmoja umeshatumika, mwingine mweupe. Kwa nini aharibu karatasi mpya?

Jumatatu asubuhi akaipeleka steshenari, kwa kijana mmoja tunayemwita Bonyeza, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila tatizo la dunia. Akapiga picha, akabonyeza, akatuma, akampa Dada nakala.

Jioni nikaomba nakala ile nijikumbushe ufundi wangu. Nikakohoa, nikasimama katikati ya sebule na kuanza kumsomea Mama: "Mke wa mwenye duka la dawa. Kiuno 38. Anasema 34. Shona 38, mwambie 34."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikageuza karatasi, nyuma hakuna kitu. Dada akaja, akaichukua mkononi mwangu na kuisoma yote polepole. Hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani, na sijawahi kuiona mikono ile ikikaa bure.

"Ndiyo basi," akasema. "Mwakani umri umenipita."

Nilikimbia steshenari na koti la ofisini. Bonyeza alijitetea kwamba upande ule ulikuwa na maandishi mengi zaidi, akajua ndio wenyewe. Akajaribu kutuma upya. Mfumo ukakataa: ombi likishapokelewa, halibadilishwi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilirudi nyumbani nimeona aibu kana kwamba kosa ni langu, nikanyimwa hata raha ya kugombezwa, kwa kuwa Dada alikuwa ameshaanza kushona.

Wiki tatu baadaye simu yake ikaita akiwa katikati ya zipu. Chuo kinamwita kwenye usaili Alhamisi.

"Wanataka kunicheka ana kwa ana," akasema.

"Basi vaa vizuri," Mama akamjibu. "Wamcheke mtu aliyependeza."

Nilimsindikiza. Chumba cha usaili kilikuwa na mlango usioshika. Kila ukifungwa unarudi nyuma kidogo. Mimi niliachwa kwenye benchi la nje, na sikufanya juhudi yoyote ya kutosikiliza. Walikuwa watu watatu, lakini anayeuliza alikuwa mama mmoja mwenye mvi, wenzake wakimwita Profesa.

"Fundi," akasema, "hapa umeandika kiuno thelathini na nane, anasema thelathini na nne. Shona thelathini na nane, mwambie thelathini na nne. Tufafanulie."

Nilimwomba Mungu amkumbushe Dada mstari wowote wa insha yangu.

"Nguo haisikii maneno, Profesa," Dada akasema. "Inausikia mwili. Anayesikia maneno ni mteja. Kila mmoja nampa chake. Ila naomba msimwambie, ni mteja mzuri."

Mtu akacheka, lakini si kile kicheko tulichokiogopa.

"Na hizi tarakimu za pembeni?"

"Hizo ni za mama mjamzito. Alitaka gauni la harusi ya mdogo wake, na harusi ilikuwa wiki tisa mbele. Nilimpima mara tatu nikaona tumbo haliongezeki sawa kila wiki. Linaongezeka, na lile ongezeko lenyewe nalo linaongezeka. Kwa hiyo nikapiga hesabu litakuwa wapi siku ya harusi."

"Ulikosea kwa kiasi gani?"

"Nusu inchi. Siku ile alikunywa chai sana."

Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani. Profesa alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imelainika. "Jambo hilo tunalifundisha muhula wa pili. Wengi wanalia. Nani alikufundisha?"

"Wateja."

"Swali la mwisho. Hapa chini: *Mdogo wangu. Bega la kushoto limeshuka nusu inchi. Weka pamba. Usimwambie.* Kwa nini asiambiwe?"

Mimi, mtu mzima, karani wa serikali, niligeuka pale benchini kulitazama bega langu. Halafu nikalitazama la pili. Nyani haoni kundule.

"Akijua atauliza limeshukaje," Dada akasema. "Cherehani yetu ni ya chuma. Nilipoanza sikuwa na chumba, nilishona kwenye kibaraza cha duka la watu, na jioni ilikuwa lazima iondoke. Yeye ndiye aliyenibebea, asubuhi na jioni, kabla na baada ya shule, miaka mitano. Bega lilelile. Yeye anaamini mimi ndiye niliyetoa, yeye alipokea tu. Sikutaka ajue mzigo wangu ulimwachia alama. Tena ni mtu wa maneno, Profesa. Angeniandikia barua."

Wote watatu wakacheka. Mimi nililia, nasema wazi, nikijifanya naangalia ubao wa matangazo. Dada ameshanishonea makoti manne maishani mwangu, na mara zote nne watu waliniambia nimesimama kama mwanajeshi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe na akupendaye anaweza kuwa humo humo.

Kutoka pale sikumwambia kwamba nilisikia, naye hakuniuliza kwa nini macho ni mekundu.

Barua ilikuja mwezi uliofuata. Mama aliniamuru niisome, "na usiongeze maneno yako." Ilikuwa na mistari minne. Wa pili ulisema amepata nafasi. Mama aliniagiza niurudie huo wa pili mpaka nikapoteza hesabu, kisha akaomba apewe barua yenyewe, akaipapasa kwa vidole kama anayekagua mshono. "Imetulia," akasema. Dada alicheka na kulia kwa pamoja, na siku hiyo mke wa mwenye duka la dawa alikuta mlango umefungwa.

Siku ya kuanza masomo nilivaa lile koti. Begi lake la vitabu lilikuwa zito ajabu; nadhani alitia na mkasi. Nilimpokonya, nikalitundika begani bila kufikiri, tukaanza kupanda kilima.

"Leo tumia la kulia," akasema, akitazama mbele. "Hilo la kushoto limemaliza zamu yake."

Kwa hiyo alijua kwamba najua. Yule mtu hupima kila kitu. Nilitafuta maneno mazito ya kumjibu, mimi mwandishi wa mtaa mzima, nikakosa hata moja.

"Koti lina pamba huku," nikasema mwishowe. "Haliumi."

Nikaliacha begi palepale, tukaendelea kupanda.