Visanduku Kwenye Ankara za Pampu

Tuwekeane dau. Toa chochote ulicho nacho mfukoni, hata kama ni leso ya kufutia jasho, nami naweka redio yangu na betri zake: habari hii hutaiamini. Utasema nimeipika. Yupo mtu aliyeondoa pesa kwenye karatasi za duka zima bila kugusa droo wala kubeba senti, kisha akaitwa, akapewa nauli, aje kuzitafuta.

Mtu mwenyewe mtaani wanamwita Sekunde. Ni fundi kompyuta. Shule aliiacha darasa la sita, na ukimsikiliza yeye, shule ndiyo iliyoishiwa cha kumfundisha. Ufundi aliupata kwa kubeba mkoba wa mjomba wake, akichungulia juu ya bega lake mpaka mjomba akachoka kumfukuza. Kibandani kwake kuna meza moja, viti viwili ambavyo kimoja hakikaliwi, na kibao alichokiandika kwa mkono wake: KOMPYUTA INAUMWA? SEKUNDE TU. Mke wake humwambia hiyo sekunde angeileta jikoni, kwenye bomba linalovuja tangu mwaka juzi.

Huyo mke ana dada mkubwa, na hapa ndipo penyewe. Dada huyo, shemeji yake Sekunde, alikuwa karani kwenye duka la pampu za maji, mwaka wa kumi na moja huo, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Ankara zote zilipita mikononi mwake. Mabomba na koki ziliuzwa kwa pesa ya hapa, na pampu kubwa, kwa kuwa ziliagizwa nje, ziliuzwa kwa yuro. Kila karatasi ilibeba alama yake mbele ya tarakimu: ya pesa ya hapa, ile herufi yenye mstari katikati, au ya yuro. Ukitazama alama, umejua bei.

Kompyuta ya duka ikaanza kuzeeka. Unabonyeza, unakwenda kunywa maji, unarudi, bado inafikiri. Bosi alitaka kuita kampuni ya mjini. Shemeji akamwambia asitupe pesa bure, kwao kuna kichwa, na kama kitaharibika kitu basi aulizwe yeye. Alimdhamini kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mtunza stoo.

Sekunde akaja na shati la kola. Akazungusha kiti, akapasua vidole, akaizunguka mashine kama daktari anayemjua mgonjwa tangu utotoni. Mwisho akakuta fonti, yaani ile mitindo ya herufi ambayo kompyuta huchapia. Zilikuwa mia mbili na kitu.

"Shemeji," akasema, "mashine yenu ina nguo mia mbili na inavaa gauni moja. Itaachaje kuhema?"

Shemeji aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua: una hakika hakuna inayotumika? Sekunde akamcheka. Akamcheka vizuri, mpaka mtunza stoo naye akaingiwa na kicheko bila kujua kinahusu nini. Akaacha fonti kumi alizozijua kwa sura, nyingine zote akafuta, na pipa la takataka la kompyuta akalimwaga lisibaki na kitu. Akazima, akawasha. Mashine ikaruka. Iliruka kwa sababu ilikuwa haijazimwa miezi minne, lakini hilo hakulisema mtu, na bosi akalipa.

Kesho yake asubuhi Sekunde alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, taulo shingoni, anaisimulia ile kazi kwa mara ya tatu, na kila mara zile fonti zilikuwa zinaongezeka. Zilikuwa zimefika mia tano simu ilipolia gotini mwake. Akaitazama, akaigeuza kifudifudi. Ikalia tena. Akawaambia waliokuwa wakingoja zamu kwamba fundi mkubwa hapokei mlio wa kwanza wala wa pili. Wakacheka, akaendelea.

Zikapita wiki tatu, ndipo bosi mwenyewe akampigia. Hakusalimia. Alisema njoo.

Sekunde alipofika, bosi alikuwa amesimama katikati ya ofisi, ameshika karatasi mbali na macho kama kitu kinachonuka. Kwenye kioo cha kompyuta, akasema, kila kitu kiko sawa. Ikichapwa, tazama. Sekunde akatazama. Mbele ya tarakimu, pale pa alama ya pesa, palikuwa na kisanduku kitupu. Ankara ya mabomba, kisanduku. Ankara ya pampu, kisanduku kilekile.

Alijua pale pale. Programu ya ankara ilikuwa na fonti yake maalumu yenye zile alama, nayo ilikuwa miongoni mwa zile nguo alizozitupa. Masikio yakamwaka moto. 

Bosi akaeleza hasara. Mkandarasi mmoja wa visima alichukua pampu ya yuro elfu nne na mia mbili. Akaenda benki, akalipa elfu nne na mia mbili za hapa, pesa ya kununulia mpira wa kumwagilia maua. Alipopigiwa simu alijibu kwa utulivu kabisa kwamba karatasi yake inasema visanduku elfu nne na mia mbili, na visanduku hivyo amevilipa vyote.

"Sasa niambie, fundi," bosi akasema. "Imekuwaje?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kukiri. Ilikuwa wazi kama mlango. Sekunde akaitazama kibodi, akaigusa gusa.

"Kuna mtu amebonyeza kitu," akasema.

Hakumtaja mtu. Lakini kiti cha kompyuta kilikuwa na mwenyewe mmoja, na bosi akageuza shingo kumtazama. Shemeji akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanga yake, akaivaa tena.

"Labda ni mimi," akasema. "Macho yangu siku hizi si mazuri. Shemeji akisema hivyo, anajua."

Bosi hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Alisema bei ya pampu nzima hawezi kuibeba, na kama ni yeye aliyebonyeza, basi mwisho wa mwezi ni mwisho. Miaka kumi na moja anaiheshimu, lakini pampu ni pampu.

Unadhani Sekunde alisema hapo? Hakusema. Alifungua printa. Aliipuliza, akaitikisa wino, akaomba kitambaa, akaomba bisibisi, akatoa skrubu tatu na kuzirudisha palepale. Alijua fika printa haina hatia, lakini aliifuta karibu saa nzima, kwa sababu mtu aliyeinama ndani ya printa haonekani uso. Shemeji akamletea maji. Akampa kiti chake kisichoyumba, yeye akakaa kwenye boksi la koki. Kisha akamwekea daftari pembeni.

"Nilifikiri litakusaidia," akasema.

Lilikuwa daftari la shule, lenye mistari. Shemeji alipoona visanduku alidhani ni wino, na kwa kuwa fundi alikuwa mtu wake, aliona haya kumlalamikia bosi. Akanunua kalamu mbili kwa pesa yake, nyekundu kwa yuro, buluu kwa pesa ya hapa. Kila ankara iliyotoka alichora alama kwa mkono, halafu akaiandika daftarini: namba, mteja, rangi. Ankara sitini na tatu. Herufi zake ndogo, zilizonyooka, za mtu anayeogopa kukosea. Sekunde alifungua ukurasa, akafungua mwingine, akalifunga. Huo ulikuwa ufundi wa kweli, na uliofanywa kwa ajili ya kufunika ujinga wake. Akatamani arudi ndani ya printa.

Akaomba ile flashi iliyokuja na programu ya ankara. Ilikuwa kwenye droo, ndani ya bahasha, shemeji ameiandika juu: USIPOTEZE. Akairudisha fonti moja, moja tu, akachapa. Alama zikatoka, nyeusi, safi, kila moja mahali pake. Ilichukua kama dakika moja. Maisha yake yote amejisifia hiyo kasi, na siku aliyoipata hakuweza hata kutabasamu.

Bosi akashusha pumzi, lakini hakuwa amemaliza. Mkandarasi, akasema, hawezi kupokea ankara mpya hivi hivi, atasema imeghushiwa. Anataka barua ya fundi, yenye sahihi, inayosema nini kiliharibika na nani aliharibu. Akampa karatasi na kalamu. Ilikuwa ile nyekundu.

"Andika chanzo," akasema, "na aliyebonyeza umtaje."

Akatoka kwenda stoo. Sekunde akaandika tarehe. Akaandika neno Chanzo, akaweka nukta mbili, kalamu ikagoma. Akamfikiria kinyozi. Akafikiria ile benchi ya wanaongoja zamu, na jinsi yeye mwenyewe angeisimulia habari hii kama ingekuwa ya fundi mwingine, angeiongezea chumvi mpaka watu washike mbavu. Akafikiria ofisi mbili zinazompa kazi, ambazo zilinunua mabomba duka hilohilo. Nukta mbili zikaendelea kumtazama.

Shemeji akasogeza boksi lake karibu. Akasema polepole, ili wa stoo asisikie:

"Andika mimi, shemeji. Mimi nikikosa kazi nitakaa kwa mwanangu. Wewe ukiharibikiwa jina, mdogo wangu na watoto watakula nini?"

Alikuwa anamwazima jina lake, na hakujua kwamba kosa ni la Sekunde. Kweli hakujua. Sekunde akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie, akaona kwamba yule mama anaamini kabisa kuwa aliyekosea ni yeye, na kwamba usiku huo angelala akijilaumu, na keshokutwa pia.

Akainama, akaandika. Nakupa maneno yenyewe, kwa sababu barua hiyo ipo mpaka leo kwenye faili la duka: "Chanzo: fonti ya alama za pesa niliifuta mimi, siku niliyokuja kusafisha kompyuta. Karani aliniuliza kama inatumika, nikamcheka. Karani hakubonyeza kitu chochote." Chini akatia sahihi na jina lake la kwenye cheti cha kuzaliwa, ambalo hata mke wake huchelewa kulikumbuka.

Akampa shemeji asome kwanza. Alisoma akiwa ameshikilia miwani kwa kidole.  Alikunja midomo, akairudisha barua mezani, akainyoosha kona iliyojikunja.

Bosi aliisoma mara mbili. Kisha akampigia mkandarasi, akaweka sauti ya nje, akamsomea. Mkandarasi alicheka. Alicheka kwa muda mrefu, ofisi nzima ikisikiliza, Sekunde amesimama katikati kama mtoto aliyejikojolea darasani. Alipomaliza, akasema sawa, bei ya pampu hata yeye anaijua. Wakileta ankara yenye alama, atalipa iliyobaki. Bosi akakata simu. Akamwambia shemeji arudi kwenye kiti chake. Kwa Sekunde alikuwa na maneno machache tu: nauli ya kurudi ajitegemee, na njia ya dukani aisahau.

Shemeji akamsindikiza mpaka nje, kwenye ngazi, daftari kwapani. Sekunde akamwomba radhi, kwa maneno yaliyojikwaa, yeye ambaye kwa maneno alikuwa hashindwi na mtu. Shemeji akasema yamekwisha. Akalifungua daftari ukurasa wa kwanza kabisa, ule ambao Sekunde aliuruka. Mstari wa juu ulikuwa wa pampu ya mkandarasi. Haukuwa na nyekundu wala buluu. Kulikuwa na saa tu: nne na dakika kumi, asubuhi.

"Hii ndiyo iliyonipita," akasema. "Ndiyo ya kwanza kutoka na kisanduku. Nikasema nikuulize kabla haijaondoka, nikawa nakupigia, huku mkandarasi ana haraka, akaichomoa mwenyewe kwenye printa akaenda zake. Nilipiga mara mbili." Akamtazama kwa huruma, akamfungulia mlango wa kujitetea. "Siku ile simu yako si ilikuwa imezima chaji?"

Sekunde alitazama viatu vyake.

"Haikuzima," akasema. "Niliiona ikilia. Sikupokea."