Watatu Juu ya Kiti Kimoja

Turubai kuukuu lina harufu yake. Likilowa mvua kisha likapigwa na jua, hutoa harufu ya nyasi zilizooza, moshi wa zamani na jasho la watu usiowajua. Juzi kijana mmoja aliniletea kiti cha kukunja, vile vyepesi vya bomba la alumini, kitambaa kimepasuka katikati. Alikuwa amekifunga nyuma ya pikipiki na mvua ikamkuta njiani. Nilipokifungua hapa kibandani kwangu Igoma, harufu ile ikanijia usoni, na kwa muda sikusikia kijana alikuwa akiniambia nini. Nilikuwa nimerudi Kirumba, barazani kwa baba yangu, nina mdogo wangu mmoja kwenye paja hili na mwingine kwenye paja lile.

Baba alikuwa fundi wa viti hivyo. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na vitu vimeanza kumiminika mjini, na pamoja na vitu walikuja watu. Walikuja watafiti wa dhahabu, wakavuka maji kwenda upande wa Geita na magari yao, mahema yao na viti vyao vya kambi. Kiti kimoja ungekiinua kwa kidole. Kilitengenezwa kwa mtu wa kukaa kidogo, anywe chai, aende zake. Kule kambini watu walikaa kutwa, wakapasua vitambaa, na mpishi wao akawa anamletea baba viti vimefungwa kamba kama mzigo wa kuni. Akina mama wa dagaa pale soko la Mwaloni nao wakavipenda, maana jioni unakunja, unaweka kwapani, unapanda kilima kwenda nyumbani.

Kitambaa cha kushonea baba alikipata kwenye mahema makuukuu yaliyouzwa sokoni. Mengine yalikuwa na herufi zilizofutika nusu, na watu walisema yametoka kambi za wakimbizi. Sikuwahi kujiuliza nani alilala ndani yake. Uzi ulikuwa wa nailoni, ule wa kushonea nyavu, na kabla ya kushona aliuvuta juu ya kipande cha mshumaa mpaka ukawa unateleza na kulia. Turubai alilikata fupi kidogo kuliko lile la zamani, kwa sababu hulegea likishakaliwa. Pande mbili alizikunja na kuzishona ziwe kama mifuko, bomba lipite ndani. Kwenye kona alitia vipande vya tyubu ya baiskeli. Alisema kitambaa hakipasuki kwa sababu ya mtu mnene, kinapasuka kwa sababu ya mtu anayegeuka nyuma kusalimia.

Halafu kulikuwa na sheria yake. Kiti hakikutoka barazani mpaka yeye mwenyewe amekikalia na kuinua miguu yote miwili. Aliyeweka miguu chini, alisema, huyo bado hajakaa, yuko safarini. Kwa hiyo wapita njia wa mtaa wetu walizoea kumwona mtu mzima ameketi barazani miguu iko hewani kama mtoto, anageuka huku na huku, anasalimia watu ambao hawapo. Wengine walimwitikia.

Mama yetu alifariki Leti akiwa bado anajifunza kutembea. Leti ndiye kitinda mimba. Juu yake yuko Deo, na juu ya Deo niko mimi, Vene. Baada ya mama, baba naye akaanza kuumwa, ugonjwa wa polepole ambao majirani waliutaja kwa kunyamaza. Nilikuwa darasa la sita. Asubuhi moja nikabaki nyumbani nimshikie kitambaa, maana mikono ilikuwa ikimtetemeka. Kesho yake nikabaki tena. Hakuna aliyeniambia niache shule, na hakuna aliyekuja kuuliza mbona siendi.

Ikafika siku baba alikikalia kiti, akainua miguu, na kitambaa hakikulia hata kidogo. Alikuwa amekwisha kwa kukonda. Alitazama magoti yake kama ni ya mtu mwingine, kisha akacheka na kusema, "Njooni mnisaidie kukaa." Akaniambia nikae mimi. Mimi nami nilikuwa mwepesi. Akamweka Deo kwenye paja langu moja, Leti kwenye lile jingine, akatuamuru tuinue miguu. Uzi ukalia, turubai likazama, likashika.

"Sasa," akasema, "hapo amekaa mtu mzima mmoja."

Tangu hapo ikawa kazi yetu. Mimi nikashona, yeye akaelekeza kutoka mkekani, na kiti kikiisha tukakikalia watatu. Hata alipokuwa hawezi tena kuketi, alisikiliza. Kwa mlio tu aliweza kujua mshono uliolegea uko upande gani.

Siku ya mazishi yake nyumba ilijaa watu. Baba Mkubwa alivuka ziwa kutoka kisiwani, Nansio. Shangazi alikuja kutoka Igoma, na Baba Mdogo, ambaye alikuwa mwalimu Bunda, alikuja na mkewe. Mama Mdogo huyo hakuwa amejaliwa mtoto. Alikuwa mpole, ana sauti ndogo, na siku ile Leti alilala mapajani mwake karibu muda wote. Alasiri akaniita akaniomba kipande cha uzi. Nilimkatia mwenyewe, kwa meno, kwenye kibunda cha baba. Akaunyoosha chini ya wayo wa Leti aliyekuwa amelala, toka kisiginoni hadi kwenye kidole gumba, akafunga fundo, akautia kwenye pochi. Nikafurahi. Katika siku ile yote, hilo ndilo jambo pekee lililonifurahisha. Mdogo wangu atapata viatu, nilijisemea.

Baadaye wakaondoka, Shangazi akawa anakuja na kwenda kutuangalia. Ndiye aliyeniambia kwamba siku ya arobaini ukoo utakaa. Nilijua maana yake. Kwa jirani yetu ukoo ulikaa, na jioni yake watoto wakatoka kila mmoja na furushi lake, kila mmoja njia yake. Nyumba ile ikabaki na paka.

Pembeni mwa chumba kulikuwa na viti vya kambi ambavyo mpishi hakuja tena kuvifuata. Vilikuwa mifupa mitupu. Nami katika akili yangu ya wakati ule nikaona njia. Wazee watakuja, watahitaji mahali pa kukaa, na sisi tuna benchi moja tu. Nikivishona vyote, watavikalia. Wakivikalia, watajua kwamba nyumba hii bado ina fundi, na kwamba fundi huyo anaweza kuwalea wadogo zake. Sikuona ni nini kingeweza kuwazuia wasielewe jambo rahisi kama hilo.

Nilishona kila siku. Sindano ya magunia ilinitoboa kiganja, nikaanza kuisukuma kwa kipande cha soli ya kiatu cha baba. Deo alivuta uzi juu ya mshumaa. Leti kazi yake ilikuwa kukusanya vipande na kuviita watoto. Kila kiti kilipoisha tulikikalia, nikamwambia Deo ageuke nyuma kwa nguvu asalimie mgeni. "Shikamoo Baba Mkubwa," Deo akasema, akajipinda. Leti akajibu kwa sauti nzito ya kizee, "Marahaba," kisha akacheka mpaka akapata kwikwi. Niwaambie kweli, sijawahi kuwa na kazi yenye furaha kuliko ile, na baba yetu alikuwa hata hajamaliza arobaini.

Siku yenyewe nilivipanga barazani kwa mstari. Shangazi, ambaye alikuwa mnene na alijijua, alikizunguka kiti chake kwanza kama anayenunua ng'ombe.

"Wee Vene, hiki kikiniangusha mbele ya kaka zangu, utanizika wewe."

Akajishusha. Uzi ukalia, turubai likashika. Akajitingisha, akageuka kulia na kushoto. "Haki ya Mungu," akasema, "kimenibeba mimi na dhambi zangu zote." Watu wakacheka. Baba Mkubwa naye akakaa, akapapasa pindo chini ya mapaja kwa vidole vyake vya mvuvi, vidole vilivyojua mshono, akaniuliza nani amezishona. Nikasema mimi. Akaniuliza nimejaribuje, na mimi uzito sina.

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilisubiri. Nikaleta kiti cha mwisho, nikakiweka katikati yao. Nikakaa. Deo akaja kwenye paja lake bila kuitwa, Leti kwenye lake, tukainua miguu. Deo akageuka akasema shikamoo kwa wote. Wazee wakapiga makofi. Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nilimwona Baba Mkubwa anatabasamu, na moyoni nikasema, tumebaki.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa kaeni hapo hapo, msikilize."

Alizungumza taratibu, kama mtu anayesoma maneno aliyoyazoea. Deo atavuka naye kwenda Nansio, akue kwenye mtumbwi na watoto wenzake. Mimi nitakwenda Igoma kwa Shangazi. Leti atakwenda Bunda, kwa Baba Mdogo. Nyumba itapangishwa. Miguu yetu ilikuwa bado iko hewani, maana hakuna aliyekuwa ametuambia tuishushe.

Nikasema, "Baba Mkubwa, naomba tubaki. Kazi naijua."

Akaniangalia kwa upole. Hilo ndilo lililonishinda, ule upole.

"Kazi unaijua, mwanangu. Ndiyo maana kwako wewe hatuna wasiwasi."

Mama Mdogo akainuka, akafungua pochi, akatoa kandambili za mtoto, nyekundu, zenye mkanda wa nyuma. Akapiga magoti mbele ya kiti chetu akamvisha Leti, miguu yake ikiwa inaning'inia. Zilimkaa sawasawa. Leti akazitazama, akatabasamu, akateleza kutoka pajani mwangu aende akazitembeze uani. Nikahisi turubai linapanda kidogo chini yangu.

Wakati ule niliamini kwamba tulishindwa kwa sababu yangu na maneno yangu. Labda ningeongea vizuri zaidi. Labda ningeshona viti vingi zaidi. Miaka mingi nilifikiri hivyo, nikishona kwa Shangazi kuanzia asubuhi mpaka giza, kwa ajili ya wafanyabiashara wa barabara ya Musoma. Shule haikutajwa tena. Kiti kikiisha nilikijaribu kwa gunia la mawe. Mawe yana uzito, lakini hayageuki, na viti vyangu vya miaka ile vilirudi vimepasuka. Kisha viti vya plastiki vikaja kwa malori, watu wakasahau vya kukunja, nikawa nashona mabegi na maturubai ya malori. Sikuacha. Sikuwa na kitu kingine ninachokijua.

Nilikuja kuelewa nikiwa mama. Nilikuwa napima mguu wa mwanangu kwa uzi, ili nikamtafutie viatu vya shule mjini, na nilipokuwa nafunga fundo mikono ikasimama yenyewe. Mama Mdogo alimpima Leti siku ya mazishi, udongo wa kaburi haujakauka. Kwa hiyo siku ile ile walikuwa wameshatugawana. Arobaini walikuja kutangaza tu. Viti vile vyote, kiganja kile kilichotoboka, na sisi watatu tukiinua miguu mbele yao, vilikuwa kwa ajili ya kikao kilichokwisha kufungwa. Na uzi niliukata mimi.

Siwezi kusema walitutupa. Kila mmoja wetu alikula. Leti alisoma akafika mbali, sasa yeye mwenyewe ni mwalimu wa sekondari, na waliomlea anawaita baba na mama kwa haki. Deo alirudi kwangu Igoma akiwa kijana, amechoka na ziwa. Akija kibandani hutafuta kiti nilichokimaliza siku hiyo, hukaa, huinua miguu na kugeuka nyuma, bila kusema neno, kisha huniambia upande unaolegea. Masikio ya baba yalikwenda kwake.

Mwaka jana binti yangu alipopata kipaimara, Leti alikuja kutoka Bunda. Alivaa vizuri, akanisalimia vizuri, "Shikamoo Dada Vene," kama mtu anavyomsalimia binti wa baba mkubwa wake. Wageni walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki vya kukodi. Mimi nilikuwa nimemwekea kile kimoja tulichokikalia watatu siku ya arobaini. Nilikitunza tangu Kirumba. Kitambaa nimekibadili mara nyingi, bomba ni lile lile.

Akakitazama. "Dada, hiki kitanibeba kweli?"

Nikamwambia ajaribu. Deo alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, akaacha kutafuna. Leti akaishika meza kwa mkono mmoja, akajishusha polepole, akakunja sketi yake chini ya mapaja. Akaniambia ni kizuri, akauliza nimekinunua wapi. Nami nilikuwa namwangalia viatu. Alikuwa ameviweka chini vyote viwili, vimeshikamana, kama mgeni yeyote.