E ya Fizikia

Matokeo yangu ya kidato cha sita yalikuwa hivi: Biolojia B, Kemia C, Fizikia E. Ukijumlisha, pointi zinatosha na nyingine zinabaki. Lakini wanaochukua watu wa udaktari hawaishii kwenye kujumlisha. Wanataka kila somo peke yake lifike D, na la kwangu moja halikufika.

Nilikasirika siku ile na mpaka leo sijapoa. Mwalimu wetu wa Fizikia alihamishwa tukiwa kidato cha tano, hakuletwa mwingine. Tukanakili notisi za waliotutangulia pamoja na makosa yao. Pendulamu, kile kijiwe kinachoning'inia kwenye uzi kikabembea, niliigusa mara ya kwanza siku ya mtihani wa vitendo. Nikahesabu kwenda moja, kurudi mbili. Kumbe kwenda na kurudi ndiyo moja. Muda wote niliopima ulitoka nusu ya unavyotakiwa, na ndani ya miaka miwili hakuna mtu aliyekuwa ameniambia.

Mwaka uliofuata nikapata mtoto. Baba yake alikwenda Tunduru kwenye machimbo ya vito, simu anapokea akijisikia. Mimi nikarudi kwa mama, Matogoro.

Udaktari nilikuwa nautaka kama wanavyoutaka wote wanaosoma sayansi, kwa mdomo. Nilianza kuutaka kweli wodini. Mtoto alikataa kutoka. Muuguzi aliyekuwa na mimi alifanya kila alichokijua, akanishika mkono, kisha sote wawili tukabaki tunaangalia mlango. Kazi iliyobaki ilikuwa ya daktari, na daktari alikuwa na mama mwingine chumba cha upasuaji. Yule muuguzi alikuwa ananiambia nisiogope huku vidole vyake vimekuwa baridi kuliko vyangu. Daktari alikuja, mtoto akalia, yakaisha. Ila ule mlango bado nauota.

Sasa udahili wa mwaka huu ukafunguliwa, na mimi nikawa sina raha. Nikiomba sasa, E yangu inaniingiza digrii ya uuguzi. Nikingoja, narudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikipata D naomba udaktari mwakani. Na nisipoipata? Na wakibadilisha vigezo katikati? Nilikuwa naamka alfajiri na ule ubaridi wa Matogoro, namsikiliza mtoto anavyopumua. Nikiondoka sasa namwacha bado ananyonya. Nikiondoka mwakani atakuwa anaongea, atakuwa na maneno ya kunizuia.

Mama yeye alishaamua. Alishawatangazia wenzake wa jumuiya kwamba binti yake anakwenda chuo kikuu, wakaniombea kabisa. Nilipomweleza habari ya D aliniuliza, "Kwani muuguzi si anavaa nyeupe pia?"

Siku ya mwisho ya maombi nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda steshenari moja ya Lizaboni. Kijana wa pale ndiye anayeombea mtaa mzima vyuo. Unampa namba yako ya mtihani, anaandika, wewe unasubiri kwenye benchi. Sikuwa nimemwambia nataka nini, kwa sababu nilikuwa sijui. Akaandika, akaniita.

Alisema udaktari mfumo umenikataa, kwa hiyo ameniwekea uuguzi wa kwanza na ualimu wa Biolojia wa pili. Ualimu, akasema, unamfaa mtu mwenye mtoto, una likizo.

"Nani amekwambia niwekee ualimu?"

"Nimekusaidia, dada. Wote nawachagulia hivyo, hajarudi hata mmoja kulalamika."

"Watarudije, na wako shuleni wanafundisha?"

Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi akanishauri niache maringo, wengine hata hiyo E hawana. Kijana akaufuta ualimu bila kinyongo, akabakiza uuguzi. Kidole kikakaa tayari.

"Nibonyeze?"

Hapo hasira ikaniisha yote, ikabaki hofu tupu. Ualimu ulikuwa rahisi kuukataa. Uuguzi ni kazi ambayo bila yake mimi na mwanangu tusingefika hata kwenye kumngoja daktari. Na ilikuwa pale, kwenye kioo, inanitaka. Nilichokuwa nacho upande wa pili ni somo lililonishinda. Nikashika meza. Mtoto alikuwa amelala, mate yake yamenilowesha bega. Nikauona ule mlango, na yule muuguzi anavyoutazama. Kama nitakuwa ndani ya kile chumba, nataka niwe ninayeingia kwa ule mlango.

"Usibonyeze," nikasema. Sauti haikuwa ya ushujaa. Alinisikia mara ya pili.

Njia nzima ya kurudi nilitaka kugeuka. Muda ulikuwa bado upo, na hilo ndilo lililonitesa.

Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi.

"Umeomba?"

"Sijaomba. Narudia Fizikia."

Akaendelea kupukuchua. Baadaye akauliza, "Na jumuiya nikawaambie nini?"

"Waambie waombee Fizikia."

Nikamlaza mtoto kwenye mkeka, nikatafuta uzi wa kushonea na kijiwe, nikakifunga kwenye boriti ya kibaraza cha uani. Fundo likafunguka mara mbili. Mtoto akaamka, akaanza kukifuata kijiwe kwa macho, kichwa kinakwenda huku, kinarudi huku.

Mama aliinua uso. "Hicho kitamdondokea mtoto," alisema. Nikadhani sasa ataniambia nikitoe. Aliinuka, akapangusa makapi mikononi, akamvuta mjukuu wake pembeni. "Kaza fundo. Na ukifunge huko mwisho, mbali na mkeka."

Nikakifunga mwisho. Jua lilikuwa linazama, na maombi yalikuwa yanafungwa jioni ile ile. Nilikuwa naogopa, na bado naogopa, mtihani haujafika. Nikakivuta kijiwe pembeni, nikakiachia.

Kwenda na kurudi, moja.