Kompyuta Yenye Harufu ya Jikoni

Élysée hafungui mashine kabla hajaihoji. Ukimletea redio, simu au kompyuta, ataiweka mezani, atakunja mikono, kisha ataanza: iliugua lini, iliugua vipi, inakula umeme wa wapi, inalala wapi. Mimi nashona nguo upande wa pili wa baraza hiyohiyo, hapa Kasongo karibu na soko, na maswali yake nimeyasikia mpaka yananikera. Nikiletewa suruali iliyopasuka, siulizi ilikuwa inakwenda wapi. Naishona.

Lakini ndivyo alivyo, na mazoea yana taabu. Alizaliwa Nyangwe kwa wavuvi wa mto Lualaba, akaja huku kusomea uuguzi. Maswali ya wagonjwa aliyaweza vizuri mno, ila damu ilimshinda. Siku ya kwanza kuiona alianguka, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyemshika asiumie. Akaacha shule, akaanza kufungua redio, kwa sababu redio haitoki damu. Sokoni wanamwita Dokta, nusu kwa heshima nusu kwa utani, naye anaitika kwa uzito kabisa.

Na nisimwonee, maswali yake yamewahi kuzaa. Mzee mmoja alimletea redio ambayo kila jioni inanyamaza. Élysée alimhoji mpaka ikajulikana kwamba mke wake alikuwa anachomoa waya akisikia hatua za mzee mlangoni, ili wapate kuongea. Redio ilirudi nyumbani bila kuguswa, na mzee akaondoka akiwa na mawazo.

Basi siku moja ya mvua, mama na binti yake walishuka kwenye pikipiki mbele yetu, matope mpaka magotini. Walitoka Kabambare na walikuwa wamelala njiani, maana barabara ile mvua ikinyesha haistahili tena jina la barabara. Mama alikumbatia kitu kifuani, kimefungwa kitenge juu ya kitenge. Nilidhani ni mtoto mchanga, nikamsogezea kiti. Akafungua vitambaa polepole, ikatokea kompyuta kuukuu, nyeusi, bawaba yake moja imekazwa kwa waya.

Binti alijitambulisha kwa jina la Sarah-Grâce, na mama yake ni Marie-Thérèse. Binti ndiye aliyeongea. Alikuwa anamaliza chuo cha ualimu hapa Kasongo, na kazi yake ya mwisho, ile wanayoiita TFC, ambayo bila hiyo hupewi diploma, ilikuwa ndani ya kompyuta ile. Kopi aliyoiweka kwenye flashi ililiwa na virusi. Jumatatu alitakiwa kuwapelekea walimu kazi hiyo ikiwa imechapwa. Akiikosa, anangoja mwaka mwingine, na nafasi ya kufundisha waliyomwekea kwenye shule ya kwao itachukuliwa na mtu mwingine. Alipofika hapo akatazama pembeni.

Mtu mwenye huruma angeshika bisibisi palepale. Élysée akakunja mikono. Kazi yenyewe inahusu nini, akauliza. Nilitaka kumrushia mkasi. Lakini binti alijibu, na uso wake ukachangamka kidogo: inahusu namna wamama wa Kabambare wanavyotunza mbegu za mahindi na karanga kutoka msimu hadi msimu. Alikuwa amezunguka vijijini wiki nyingi, mchana kutwa, akiwauliza.

Je, kompyuta ilianguka? Haikuanguka. Ilimwagikiwa maji? Hapana, mama yake aliilinda kuliko macho yake. Ilianza vipi? Ilianza kwa kupata joto, ikawa inanguruma, inajizima katikati ya sentensi. Halafu siku moja akabonyeza kitufe, taa yake ndogo ikawaka, na kioo kikabaki cheusi. Tangu hapo ndivyo hivyo hivyo.

"Na ilikuwa inalala wapi?"

Binti alianza kusema mezani, chumbani kwake. Mama yake akamkatiza.

"Ndani ya nyumba," alisema. "Fasi ya kukauka."

Mahali pakavu, ndivyo alivyosema, huku anatazama cherehani yangu. Sikuelewa kwa nini cherehani yangu ghafla imekuwa na uzuri wa kutazamwa hivyo, lakini niliweka akilini.

Ndipo Dokta alipoanza kazi. Alitoa betri, akashikilia kitufe cha kuwashia kwa muda mrefu ili umeme uliobaki ndani uishe, akaunganisha chaja peke yake. Taa ndogo ikawaka, kioo cheusi. Akamulika kioo kwa tochi kwa karibu sana, maana wakati mwingine picha ipo ila taa ya nyuma ya kioo imekufa. Hapakuwa na picha. Akaiunga na kioo kingine kikubwa alichonacho kwenye rafu, nacho kikabaki giza. Basi tatizo si kioo, akasema peke yake, kwa sauti ya mtu anayefurahia. Mimi hilo ndilo linaloniudhi kwake: kadiri ugonjwa unavyokuwa mgumu ndivyo anavyofurahi.

Sarah-Grâce hakuweza kuendelea kutazama. Alisema anakwenda kwa rafiki yake wa chuo kuuliza kama labda alibaki na kopi yoyote, hata ya zamani, akaondoka haraka akiruka madimbwi.

Élysée akageuza kompyuta, akafungua skrubu moja moja, akainua mfuniko wa chini. Nikanusa samaki. Samaki wa moshi kabisa, wa kuwekwa kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Nikageuka kutazama nani anapika. Hakuna aliyekuwa anapika. Élysée naye alikuwa ameinua pua, halafu akaishusha polepole mpaka ikakaribia kugusa ile mashine.

Nikaacha nguo ya watu, nikaenda kuangalia. Kumbe ndani kulikuwa kama chini ya sufuria. Masizi yamejaa kila kona, si ya kupeperuka, ni yale mazito yenye mafuta yanayonata kidoleni. Feni ndogo ya kupoza mashine haikuweza hata kugeuka. Élysée akachukua kibano, akachokoa kwenye mabawa yake, akatoa kitu, akakiweka juu ya kipande cha kitambaa changu cheupe bila kuniomba. Lilikuwa ganda la punje ya mahindi. Pembeni yake akaweka fukusi, yule mdudu wa kutoboa mahindi, amekufa na kukauka.

Tulitazamana. Nimemfahamu mtu huyu miaka mingi, na sijawahi kumwona ana hamu ya kujua jambo namna ile. Mahindi yanaingiaje kwenye kompyuta? Lakini hakuuliza. Aliweka kibano chini, akangoja tu, na hilo lilikuwa geni kwangu kuliko fukusi.

Mama Marie-Thérèse aliangalia lile ganda kwa muda.

"Mvua ilianza, nikaona ukuta unatoka jasho," alisema. "Na mutoto alikuwa amenisomea mwanzo wa kazi yake, asema kitu chenye kulala juu ya uchaga hakiozi. Nikasema, kumbe hii njo fasi yake. Asubui akienda kuuliza wamama, ninaipandisha. Akirudia, anaikuta mezani."

Nani asiyeujua uchaga? Kile kitanda cha miti juu ya mafiga, ambapo mbegu, chumvi na samaki hupigwa moshi kila siku, na unyevu wala mdudu havipati nafasi. Mama yangu alikuwa nao. Hata cheti changu cha ubatizo kililala huko, na mpaka leo kina rangi ya chai. Nilitaka kucheka, nikamwona uso wake, kicheko kikarudi kilikotoka. Mama huyu alikuwa amejua tangu Kabambare. Alikuwa amekaa nyuma ya pikipiki njia nzima, amekumbatia kosa lake kifuani.

"Mbegu haivuti pumuzi, Mama," Élysée alimwambia taratibu. "Masini njo inavuta."

Akamwonyesha feni na matundu, jinsi kompyuta ikifanya kazi inavyonyonya hewa ijipoze, na jinsi masizi yaliyotua juu yake mchana yalivyonyonywa ndani kila jioni binti alipoandika. Mama alisikiliza kwa makini, akauliza kama moshi umefika mpaka kwenye maneno. Swali zuri, akasema Élysée, na aliposema hivyo alimaanisha. Maneno yanakaa kwenye diski, na diski imefungwa. Labda hayakufikiwa. Labda.

"Utamwambia?" mama akauliza.

"Mimi niko fundi ya masini, Mama. Ile ingine ni yenu."

Alisafisha kwa brashi ya rangi na alkoli ya hospitali, pamba baada ya pamba, zote zikitoka nyeusi. Kisha akachomoa vibao viwili vyembamba vya kumbukumbu. Vina meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja, na kwenye meno hayo ndipo vinaposhikana na mashine. Meno yalikuwa yamefunikwa na ule mchuzi wa moshi. Nikamuuliza kama ni dhahabu kweli. Kweli, akasema, ila nyembamba kiasi kwamba mchimbaji wa Kabambare hawezi kuinama kwa ajili yake. Akaomba kifutio. Nilimpa kile ninachofutia mistari ya vipimo, akasugua meno yale kama mwanafunzi anayefuta kosa, mpaka yakang'aa.

Sarah-Grâce alirudi mikono mitupu. Rafiki yake hakuwa na kopi. Aliketi karibu na mama yake, na sisi watatu tuliojua tukainamia kompyuta. Élysée akarudisha vibao, akabonyeza. Taa ndogo, kisha giza. Akachomoa vyote viwili, akarudisha kimoja tu, kwenye nafasi ya pili, ili ajue kama kuna kibao au nafasi iliyokufa, akabonyeza tena. Feni ikakohoa, ikageuka, ikatoa pumzi ndefu yenye harufu ya samaki. Kioo kikawaka.

Binti aliruka kwenda kwenye ile mashine. Ilichukua muda wa kutesa, saa yake imepotea, tarehe ni ya miaka ya nyuma, lakini kazi ilikuwepo. Aliifungua, akaiteremsha ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho, akafunika uso kwa viganja. Élysée alikuwa tayari anainakili kwenye flashi safi. Ndipo binti alipofuta macho na kuuliza ilikuwa na ugonjwa gani.

"Moshi," Élysée akasema, akainamia skrubu zake.

"Moshi ya wapi?"

Ulimi uliniwasha, Mungu ni shahidi, lakini niliung'ata. Mama akasimama.

"Ni mimi. Niliiweka juu ya uchaga. Pamoja na mbegu."

Sarah-Grâce aligeuka akamtazama. Hasira ilimpanda, na simlaumu, mimi ningepiga kelele soko zima lisikie. Alifungua mdomo. Halafu akafumba, akarudi kwenye kioo, akaanza kutafuta kitu ndani ya kazi yake, kidole kikigonga kwa nguvu. Alipokipata alisoma kwa sauti, maneno ya Kiswahili yaliyowekwa katikati ya Kifaransa chake:

"Mbegu yenye unapenda kuiona tena, uiweke fasi yenye utakuwa unaiona kila siku ukipika."

Alifika mwisho wa sentensi kwa shida. Mama akasogea.

"Ile nilisema mimi. Tulikuwa tunaongea tu, nikipika."

"Niliandika, Mama. Jina yako iko pale chini."

"Onyesha."

Binti akageuza kioo kuelekea kwake. Mama Marie-Thérèse alipangusa kidole kwenye kitenge, mara mbili, akakileta karibu na jina lake bila kuligusa, akalisoma. Kisha akaanza kukunjua vile vitenge alivyokuja navyo. Alimwuliza Élysée kama mashine imemaliza kupumua, ili aweze kuifunga.